Barua Yako Iko Wapi?

Unalalamika vizuri sana.

Nimekusikia. Kwenye kijiwe cha kahawa, kwenye daladala, kwenye foleni ya zahanati, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa saa tano ya usiku. Unajua darasa gani lina watoto wanaokaa chini. Unajua dawa gani haijaonekana zahanati tangu Ramadhani. Unajua mkandarasi yupi aliichimbua barabara akaiacha na mashimo. Mtaa wako unaujua kuliko afisa yeyote aliyewahi kushuka kwenye gari la kiyoyozi, akakanyaga tope lako dakika tano, akaondoka.

Kisha unamaliza kwa ile sentensi yetu sote: "Tunaiomba serikali ilione hili."

Ilione wapi?

Nani ameipelekea? Siku gani? Kwa karatasi gani?

Barua yako iko wapi?

Swali hilo niliulizwa mimi kwanza, na lilinichoma. Mtaani kwetu kuna bonde. Kila masika maji yalikuwa yakiingia vyumbani, magodoro yanaegemezwa ukutani, watoto wanabebwa mgongoni kwenda shule. Miaka mitatu mfululizo tulikaa barazani tukiisema ofisi husika. Jioni moja jirani yetu, mama mshona nguo ambaye hakuwahi kuchangia hata neno kwenye maongezi yale, alisimamisha cherehani akauliza: "Hivi, barua mmeandika?"

Kimya.

Watu wazima zaidi ya kumi, wengine wana shahada zao. Miaka mitatu. Hakuna aliyekuwa ameandika hata mstari mmoja.

Tuliandika usiku ule ule, kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwanawe. Tulipoipeleka tukaambiwa jambo ambalo sijalisahau mpaka leo: kwenye jalada hakukuwa na malalamiko yoyote kutoka mtaa wetu. Nilikasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika, maana wenye ofisi walikuwa wakipita kwenye maji yale yale. Lakini kwenye jalada, mahali ambapo maamuzi hutokea, mtaa wetu ulikuwa mkavu.

Mtaro ulichimbwa baada ya bajeti mbili. Ni muda mrefu, sikatai. Ile miaka mitatu ya barazani ilikuwa mirefu zaidi, na haikuchimba hata futi moja.

Sasa turudi kwako.

Nani alikuambia mambo ya sera ni ya watu wengine? Nani alikuambia ni ya wabunge, ya mashirika yenye magari meupe, ya wasomi wanaozungumza kwenye kumbi za hoteli? Fungua Katiba ya Tanzania ya 1977, Ibara ya 8. Inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali itapata madaraka yake kutoka kwao. Vuka Horohoro uingie Kenya, ufungue Katiba ya 2010. Wenzetu hawakungoja hata kurasa nyingi: Ibara ya 1 kabisa inatamka kwamba mamlaka yote ni ya wananchi.

Mwananchi ni nani?

Wewe.

Unayeuza samaki Ferry. Unayeendesha bodaboda Tunduma. Mwalimu wa Kilwa, mvuvi wa Pemba, mama lishe wa Kongowea. Mamlaka hayo unayo tayari, yamelala mfukoni mwako kama kitambulisho ambacho hujawahi kukionyesha popote.

Kama unakaa kijijini Tanzania, sheria ya serikali za mitaa imekupa kitu ambacho hata mkazi wa jiji kubwa angekionea wivu. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya juu kabisa kuhusu mambo ya kijiji. Mwanachama wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa.

Mara ya mwisho ulihudhuria lini?

Usiniambie una shughuli. Siku ya mpira una shughuli? Siku ya harusi una shughuli? Unaacha watu kumi na wawili, wengi wao wazee, waamue ardhi ya malisho iende kwa nani na michango ya darasa iwe shilingi ngapi, kisha unarudi jioni kuuliza, "Eti wamepitisha nini?"

Na ukienda, usikubali hoja yako itupwe kwenye "mengineyo". Unayajua "mengineyo." Ni ile ajenda ya mwisho kabisa, jua limeshuka, wanawake wamekwenda kupika, mwenyekiti anaangalia saa. Hoja nyingi njema za nchi hii zimezikwa kwenye mengineyo. Mfuate mtendaji wiki mbili kabla. Mpe hoja yako kwa maandishi, iingie kwenye ajenda kwa jina lake. Siku ya mkutano usije peke yako. Njoo na watu ishirini, na kila mmoja ajue hoja ni ipi. Kisha hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari. Kilichosemwa kikaachwa nje ya muhtasari hakikusemwa.

"Lakini mimi ni nani hata wanisikilize?"

Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia. Twende Mombasa.

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda, watu wa kipato cha chini, nyumba zimebanana. Ukuta kwa ukuta na nyumba hizo palisimama kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia ripoti ya mazingira. Muda si mrefu mwanawe mchanga akaugua. Madaktari wakahangaika kutafuta chanzo. Mwishowe damu yake ikapimwa kama ina risasi. Ilikuwamo.

Mama huyu angeweza kuishia hapo. Mtoto atibiwe, kazi aiache, ahame. Nani angemlaumu? Lakini alijiuliza: na watoto wa majirani? Akawapeleka wachache wakapimwe. Nao walikuwa nayo.

Basi akaanza. Akaandika barua kwa mamlaka. Kimya. Akaandika nyingine. Mwaka 2012 wakazi wakaandamana. Akakamatwa, akashtakiwa, mahakama ikamwachia huru. Akaendelea. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2016 yeye na wenzake wakaenda kudai fidia, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hesabu. Kutoka 2009 hadi 2024.

Najua umeshaanza kulegea mabega. "Miaka kumi na tano! Nani ana miaka kumi na tano?" Rudi usome tena, taratibu. Soma pale kwenye 2014. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka 2015 hakuvuta moshi wa tanuri lile. Mtoto huyo hajui jina la mtu aliyemfungulia hewa. Na wewe, hiyo miaka kumi na tano utaipitisha tu, upende usipende. Itapita ukiwa umekaa. Itapita ukiwa umesimama.

Wazee walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Omido alikuwa mfiwa. Hakutumwa na chama, hakusubiri semina, hakungoja mtu wa Nairobi aje kulia kwa niaba yake. Alianza kulia mwenyewe, na wa mbali wakaingia: mawakili, waandishi, mpaka mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman, ambayo ni heshima kubwa duniani kwa watetezi wa mazingira. Tuzo ilikuja baadaye. Barua zilitangulia.

Wewe umefiwa na nini?

Swali hilo usilipite haraka. Kuna jambo moja linalokunyima usingizi. Mtoto wako aliyevuka barabara pasipo kivuko. Mama yako aliyeambiwa akanunue glavu mwenyewe kabla ya kujifungua mdogo wako. Shamba lililokatwa mpaka bila wewe kuitwa. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu siku wenzako watakapochoka, wewe hutachoka. Linakuuma.

"Sina elimu ya mambo hayo."

Bibi Titi Mohamed aliingia TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955 akitokea kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Alichokuwa nacho ni sauti na orodha ya wanawake wanaoaminiana, wanaokutana kuimba, kuzikana na kuozana. Alivigonga vikundi vile kimoja baada ya kingine, na maelfu ya wanawake wakachukua kadi. Wewe una kikundi cha vikoba. Una kwaya. Una madrasa, una timu ya mpira, una umoja wa madereva kituoni. Umewahi kusimama mbele yao ukasema, "Jamani, leo kabla ya kuhesabu hisa, nina jambo"?

"Sina cheo."

James Wakibia wa Nakuru alikuwa na kamera. Alichoshwa na mifuko ya plastiki iliyopeperuka kutoka jalalani na kuufunika mji, akapiga picha, akaandika, akapiga tena, akahimiza wengine mitandaoni, miaka ikapita. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza kutekelezwa Kenya nzima. Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Hakuipiga marufuku yeye. Waziri ndiye aliyetia sahihi. Lakini sahihi hiyo ilitanguliwa na watu waliokataa kunyamaza, naye alikuwa miongoni mwao.

"Sheria yenyewe ni ya zamani, nani ataigusa?"

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ni ya 1971. Vifungu vyake vya 13 na 17 viliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama, wakati umri wa kawaida wa mvulana ulikuwa 18. Rebeca Gyumi alizaliwa akaikuta. Mwaka 2016, akiwa bado hajatimiza miaka 30, alifungua shauri Mahakama Kuu, na Julai ya mwaka huo huo mahakama ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama upande wake. Utaniambia yeye ni mwanasheria. Ndiyo, ni mwanasheria. Wanasheria nchi hii ni maelfu, na sheria ile ilikaa miaka 45. Walioijua walikuwa wengi. Aliyeamka asubuhi moja akaenda kufungua jalada alikuwa yeye. Na hukumu peke yake haiandiki sheria upya. Hiyo ni kazi ya Bunge, na Bunge husukumwa na watu wasiochoka. Unaona kazi bado ipo? Unaona nafasi yako?

Sasa kaa chini. Chukua kalamu.

Lalamiko na hoja ni vitu viwili. Lalamiko linasema tumechoka. Hoja inasema nani afanye nini, kufikia lini, kwa fedha ipi, kwa sheria ipi. Lalamiko linamfanya afisa akuonee huruma. Hoja inamfanya atafute jibu.

Andika YAH, na mbele yake uweke jambo moja. Moja tu. Ukiandika barua yenye barabara, maji, madawati na bei ya sukari, umempa msomaji wako ruhusa ya kuchagua lipi asijibu. Aya ya kwanza: kinachotokea, wapi, tangu lini, kinamgusa nani. Usiandike "wanafunzi wengi." Nenda shuleni asubuhi, simama getini, hesabu. Mtu aliyehesabu watoto mwenyewe hatishiki akiulizwa, "Una uhakika?" Aya ya pili: unachotaka kifanyike, na cheo cha anayepaswa kukifanya. Aya ya tatu: ulichokiegemea, iwe kifungu cha sheria, ahadi iliyomo kwenye muhtasari wa kikao, au mpango wa maendeleo ambao halmashauri yenyewe iliupitisha. Chini weka nakala kwa diwani na kwa mwenyekiti wa mtaa. Nyuma ambatisha majina na sahihi za wenzako. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

Na usiishie kuomba mtaro wako. Hapa wengi hukosea, nasi tulikosea. Mtaro ni mmoja; sera ni mitaro yote. Ukiomba mtaro, ukipewa unanyamaza, na mtaa wa pili unaendelea kuogelea. Omba halmashauri iwe na fungu la kusafisha na kuchimba mitaro kabla ya masika, kila mwaka, lisomwe hadharani. Omba sheria ndogo. Halmashauri hutunga sheria ndogo, na kabla ya kuzipitisha wakazi hutangaziwa ili watoe maoni au pingamizi. Lile tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, ambalo mvua imelilowesha na wewe unalipita kila siku, huenda ndilo hilo.

Huna takwimu? Ziombe. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na ofisi uliyoiandikia inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Kenya ina yake ya mwaka huo huo. Siku ni 21. Anza na swali dogo lenye meno. Kwa mfano, sheria inazitaka halmashauri za Tanzania zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri yako ilitenga shilingi ngapi mwaka jana? Ilitoa ngapi? Kwa vikundi gani? Hujui? Basi uliza. Kwa maandishi.

Tena uliza kwa wakati, maana wakati ndio unaotumaliza. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Sisi tunaamka Juni, hotuba ya bajeti ikiwa redioni, tunaanza kupiga kelele. Juni chakula kimeshapakuliwa. Vipaumbele huanza kukusanywa vijijini na mitaani miezi mingi nyuma, kwenye vile vikao vya fursa na vikwazo ambavyo hukuhudhuria, vikapanda kwenye kata, vikaingia baraza la madiwani, ndipo vikafika Dodoma. Kenya tarehe zimo ndani ya sheria kabisa: mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mwelekeo wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Ziandike tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani, pale pale unapoandika siku ya kulipa ada na siku ya kliniki ya mtoto.

Na usidhani kuitwa kwako ni fadhila. Mwaka 2019 baraza la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira nchini Kenya lilifuta leseni ya mazingira ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Lamu, megawati 1,050, mradi mkubwa uliokuwa na wakubwa nyuma yake. Sababu kuu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na wakazi wa Lamu walikuwa wamelisema hilo kwa miaka. Kiti chako kikiwa kitupu kwa kuwa hukuitwa, una hoja mkononi. Kikiwa kitupu kwa kuwa uliitwa ukakaa nyumbani, huna.

Nije kwenye hofu.

Ipo, na ina sababu. Omido aliwekwa ndani. Wewe unamjua mtu aliyeambiwa "umetumwa na nani?" akanyamaza mpaka leo. Sitakudanganya kwamba ujasiri ni kutoogopa. Nitakuambia tulichojifunza mtaani kwetu: mtu mmoja anayeuliza huitwa mkorofi, watu arobaini wanaouliza swali lile lile kwa adabu huitwa wananchi. Usiende peke yako. Usitukane. Shikamoo yako iwe palepale, mheshimiwa wako awe palepale, na hoja yako isirudi nyuma hata hatua moja. Usiseme usichoweza kukithibitisha. Kila karatasi iwe na nakala kwa mtu wa pili, na ya tatu kwa mtu anayekaa mtaa mwingine. Tafuta msaada wa kisheria mapema, kabla hujauhitaji. Uchague wenzako vizuri: mmoja anayeandika, mmoja anayeongea, mmoja anayekumbuka, na mmoja asiyenunulika.

Na ukishinda usilale.

Mwaka 2018 Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Watu walishangilia, na walistahili kushangilia. Kuna wasichana waliokuwa wakikosa shule kila mwezi. Mwaka 2019 kodi ikarudi. Serikali ilisema bei haikushuka madukani. Ninapolikumbuka jambo hilo moyo unaniuma, kwa sababu ninajiuliza: katika ule mwaka mmoja, ni wangapi kati yetu tuliopita madukani na daftari? Ni wangapi tulioandika bei ya Julai, ya Septemba, ya Januari, kwa jina la duka, tukapeleka orodha hiyo kwa mbunge na kusema, "Wafanyabiashara hawa hawajashusha, wabaneni wao, msiwaadhibu wasichana"? Tulishangilia tukaenda kulala. Ushindi ule ulikuwa mchanga, na tuliuacha nje usiku.

Basi beba daftari. Leo. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni daftari: nani aliahidi, tarehe gani, mbele ya nani, na tulimkumbusha lini.

Unasubiri nini?

Unasubiri watoto wakue? Ndio wanaokaa chini darasani. Unasubiri uchaguzi? Kura ni siku moja, na kati yake na nyingine kuna siku zaidi ya 1,800. Unasubiri kiongozi mzuri? Hata aliye mzuri huanza na lililo mezani kwake, na wewe mezani kwake hujaweka kitu. Unasubiri mtu mwenye akili kuliko wewe ajitokeze? Naye amekaa upande wa pili wa mtaa, anakusubiri wewe.

Leo usiku andika aya ya kwanza. Ikiwa mbaya, iwe mbaya, kesho utaifuta. Jumamosi pita kwa majirani watano, wasomee kwa sauti, sikiliza wanapokunja uso, rekebisha. Jumapili baada ya ibada au jioni baada ya mpira kusanya sahihi. Asiyejua kuandika atie dole gumba. Toa nakala mbili kwa kijana wa steshenari.

Jumatatu asubuhi vaa vizuri, uwahi kabla foleni haijawa ndefu. Usiishie mapokezi, ulizia masjala. Utamkuta karani nyuma ya dirisha, mezani kwake kuna kidau cha wino na muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe ya kuzungusha. Atanyoosha mkono achukue nakala zote mbili na kukuambia uende, utaitwa.

Usiondoke. Moja ni yake, moja ni yako. Msalimie, mpe zote mbili, na usimame hapo hapo dirishani mpaka ya kwako irudi imegongwa.